Kilichomo Ndani ya Kopo: Nywele, Ngozi na Haki ya Kujua

Mhadhara kwa wasusi, vikundi vya akina mama na wanafunzi, Hedaru, wilayani Same



Nimeombwa nizungumze juu ya vipodozi salama, na nimelipokea ombi hilo kwa moyo wote, kwa sababu mji wetu uko njiani. Hedaru imekaa kati ya mlima na mbuga, reli na barabara kuu zikipita mlangoni pake. Mizigo itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita hapa, na sehemu yake hushuka hapa. Hushuka mchele, hushuka nguo, hushuka pia makopo ya dawa za nywele, krimu za uso na losheni. Mengine huuzwa madukani, mengine gulioni juu ya turubai, na mengine hupandishwa milimani kwa njia ya Vunta hadi Myamba. Kopo likishafika huko juu, aliyelitengeneza yuko mbali, aliyeliingiza nchini hajulikani, na mama anayelifungua hana wa kumuuliza.

Hoja yangu ni moja. Mwanamke anayepaka kitu mwilini mwake ana haki ya kujua kilichomo, nani amekipima, na nani atawajibika kikimdhuru. Haki hiyo inadaiwa kwa kopo lililotoka ng'ambo. Inadaiwa vilevile kwa chupa ya mafuta iliyojazwa jikoni kwa jirani. Siku hizi dada zetu wengi, hapa nchini na kwa wenzetu weusi wa Marekani na Ulaya, wanakimbia kemikali na kutafuta vitu vya asili. Nawaunga mkono. Lakini kuitwa cha asili si dhamana ya usalama, na nitaeleza kwa nini.

1. Nywele zetu zilivyo

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Nyuzi za protini hiyo zimelala pamoja na kufungamana kama nyuzi za mkonge ndani ya kamba, na vifungo vya salfa ndivyo vinavyozishika na kuupa unywele umbo lake. Kwa Waafrika wengi, shina la unywele ndani ya ngozi limepinda, hivyo unywele hutoka ukijikunja. Mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa hupata taabu kushuka katika mikunjo hiyo hadi nchani. Ndiyo sababu nywele za kipilipili hukauka upesi, na kila mkunjo ni mahali ambapo chanuo likivutwa kwa nguvu unywele hukatika.

Hapa kwetu jua ni kali, upepo unabeba vumbi, na maji mara nyingi yanapatikana kwa ndoo. Nywele zinapata shida. Lakini hazina ugonjwa. Zinataka unyevu, mafuta kiasi, mkono mpole na muda.

Muda huo ndio tunaowanyima binti zetu. Katika shule zetu nyingi msichana hunyolewa tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne. Sababu zinazotolewa zinaeleweka: usafi, usawa kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini, na kuokoa saa za masomo. Matokeo yake, hata hivyo, tunayaona kila mwaka. Binti anamaliza shule akiwa mtu mzima ambaye hajawahi kuishi na nywele zake mwenyewe. Hajui kuziosha, hajui kuzichana zikiwa na maji kuanzia nchani, hajui kuzifunga usiku. Zikianza kuota anaambiwa ni ngumu, na baada ya miezi michache yuko saluni anawekwa dawa. Huyo hatuwezi kusema amechagua, kwa maana hakupewa kitu cha pili cha kulinganisha.

Na kitu hicho kipo. Bibi zetu walisuka kwa uzi. Unywele ukizungushiwa uzi kuanzia shinani hadi nchani na kukaa hivyo siku kadhaa, hunyooka na kurefuka bila moto wala kemikali yoyote. Ni ufundi kamili, na bado wapo kina mama humu ukumbini wanaoujua.

2. Dawa ya kulainisha inavyofanya kazi

Mama zangu mnaotengeneza sabuni, kostiki mnaijua. Mnajua kwamba haishikwi kwa mkono mtupu, na kwamba tone lake likiruka jichoni ni mbio kwenye maji. Jina lake la kikemia ni sodiamu haidroksaidi. Ndiyo hiyohiyo iliyomo katika dawa nyingi za kulainisha nywele. Inaingia ndani ya unywele, inavunja vile vifungo vya salfa, na unywele uliokuwa umejikunja unalala. Vifungo hivyo vikishavunjwa havirudi. Zinazorudi na mikunjo ni nywele mpya zinazoota, na ndizo zinazomrudisha mteja saluni kila baada ya wiki chache.

Ukali wa vitu vya namna hii hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, kinachoanzia 0 hadi 14. Ngozi yetu iko karibu na 5. Sabuni ya kipande huwa kwenye 9 au 10. Dawa ya kulainisha hupita 12. Na kipimo hiki hupanda mara kumi kwa kila hatua moja, kwa hiyo kutoka 10 hadi 12 ukali umezidi mara mia.

Baadhi ya makopo yameandikwa kwamba hayana kostiki. Humo hutumika kalisiamu haidroksaidi, ambayo ni chokaa iliyozimwa, ikichanganywa na guanidini kaboneti. Mama akisoma kwamba hakuna kostiki, anaona hiyo ndiyo ya mwanawe. Mwaka 2019 watafiti wa Cape Town, akiwemo Profesa Nonhlanhla Khumalo, bingwa wa maradhi ya ngozi na nywele, walichapisha vipimo vyao vya dawa hizi. Zenye kostiki na zisizo na kostiki zote zilikuwa na ukali wa kiwango cha kuunguza ngozi, hata zile zinazotangazwa kuwa za watoto.

Sasa tuiweke dawa hiyo katika saluni zetu. Maelekezo yanataka isizidi dakika zilizoandikwa, isuuzwe kwa maji mengi, kisha itumike shampuu maalumu ya kuondoa ukali. Katika saluni ambayo maji ni ya ndoo, msusi anayahesabu. Mteja akisema inawasha anaambiwa avumilie kidogo ishike. Wanangu, inapowasha ngozi imeanza kuungua, na ngozi iliyoungua ni mlango wazi: kila kilichomo kwenye kopo kinapata njia ya kuingia mwilini. Msusi naye hugusa dawa hizo mchana kutwa, mara nyingi bila glavu, katika chumba chenye dirisha moja. Tunapozungumzia usalama wa mteja tusimsahau yeye, kwa sababu mteja huwekwa dawa mara moja moja, lakini msusi huishika kila siku.

Niongeze jambo la kusuka, maana hapo hakuna kemikali hata moja na bado kuna madhara. Uchunguzi wa Khumalo na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 uliona nywele zilizong'oka kwa kuvutwa kwa takriban wasichana 17 kati ya 100 wa shule waliowapima, na kwa karibu theluthi ya wanawake wazima. Waliosukwa kwa kukazwa juu ya nywele zilizowekwa dawa walikuwa hatarini zaidi. Nywele za mbele zinazokimbia tumezizoea hadi tunaziona ni umri, kumbe ni mkono wa msusi na uzito wa rasta. Msuko ukiuma, ulegezwe hapohapo. Maumivu hayo si gharama ya kupendeza.

3. Utafiti umeona nini

Oktoba 2022 taasisi za afya za serikali ya Marekani zilitangaza matokeo ya utafiti uitwao Sister Study, ukiongozwa na Dkt. Alexandra White. Walifuatilia wanawake zaidi ya 33,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 74 kwa karibu miaka 11. Katika muda huo wanawake 378 walipata saratani ya mji wa mimba. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka mmoja walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuipata kuliko wasiotumia.

Zaidi ya mara mbili ni maneno ya kutisha, kwa hiyo tuyafungue. Kwa makadirio ya watafiti hao, kati ya wanawake 100 wasiotumia kabisa, wanaopata saratani hiyo kufikia umri wa miaka 70 hawafiki 2. Ni asilimia 1.64. Kati ya watumiaji wa mara kwa mara ni 4, asilimia 4.05. Wengi wa watumiaji hawaipati. Hata hivyo, hao wawili wa ziada katika kila mia ni watu, na katika nchi yenye mamilioni ya wanawake ni umati.

Mwaka mmoja baadaye, Chuo Kikuu cha Boston kilitoa matokeo kutoka utafiti wa muda mrefu wa afya ya wanawake weusi. Kati ya washiriki 44,798 waliofuatiliwa kwa muda uliofika miaka 22, kulikuwa na saratani 347 za mji wa mimba. Miongoni mwa waliokwisha kukoma hedhi, waliotumia dawa hizo kwa wingi au kwa miaka mingi walikuwa na hatari iliyozidi kwa zaidi ya nusu. Na hapa Afrika, utafiti wa saratani ya matiti uliofanyika Ghana na kuchapishwa mwaka 2018 uliona uhusiano kati ya dawa za kulainisha nywele na ugonjwa huo.

Mimi ni mwalimu wa kemia, na ninawadai wanafunzi wangu ukweli usiotiwa chumvi. Tafiti hizi zinaonyesha uhusiano. Hazijamaliza kuthibitisha chanzo. Lakini njia ya kikemia inaeleweka. Ndani ya vipodozi vingi kuna vitu vinavyoingilia homoni, kama vile fthaleti, ambazo hutumika kushikilia manukato, na parabeni, ambazo huzuia kuoza. Kuna pia fomaldehaidi, inayotoka kwenye baadhi ya dawa za kunyoosha zinapopigwa moto, nayo inajulikana kuwa husababisha saratani.

Je, lebo haitoshi kutuambia? Mwaka 2018 taasisi ya Silent Spring ya Marekani ilipima bidhaa 18 za nywele zinazotumiwa na wanawake weusi. Ilikuta kemikali 45 zinazohusishwa na homoni au pumu, na katika kila kemikali 10 zilizokutwa, 8 hazikuandikwa kwenye lebo. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walipoyasema hayo mkakasi ulikuwa wa kufunguka. Wa leo unahitaji maabara.

Wanawake wa kule wamechukua hatua. Mauzo ya dawa za kulainisha kwa saluni za Marekani yalishuka kutoka takriban dola milioni 71 mwaka 2011 hadi milioni 30 mwaka 2021. Maelfu wamefungua kesi, na kesi hizo zimekusanywa mbele ya mahakama ya shirikisho mjini Chicago. Bidhaa inayokataliwa kwa wenye wanasheria hutafuta soko kwa wasio nao. Hilo ndilo linalonihangaisha ninapoona turubai la gulioni.

Na kabla sijaendelea, ombi kwa kina mama wote. Hofu ya dawa za nywele isiwasahaulishe hatari iliyo kubwa zaidi. Saratani inayowapata wanawake wengi zaidi nchini mwetu ni ya mlango wa kizazi, na hiyo ina kinga. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2018, na tangu 2024 dozi moja inatosha kwa binti wa miaka 9 hadi 14. Anayechukua hadhari na kopo la saluni akamkosesha mwanawe chanjo, ameziba tundu dogo na kuacha kubwa.

4. Mkorogo na sheria

Vita vya nchi hii juu ya vipodozi si vya jana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1969 sketi fupi, nywele za bandia na krimu za kung'arisha ngozi zingepigwa marufuku. Fikra ya heshima ya Mwafrika ilikuwemo. Lakini vijana waliwavamia wanawake katika vituo vya mabasi vya Dar es Salaam, na kilichodhibitiwa kikawa mwili wa msichana badala ya shehena. Mwaka 2019 serikali iliweka ushuru kwenye nywele za bandia, asilimia 25 kwa zinazoingizwa na 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Ushuru huo nao haukuuliza zina nini.

Sheria zinazouliza kilichomo zipo. Kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, viambato sumu vilipigwa marufuku: zebaki, haidrokwinoni, steroidi na vingine. Zebaki huua figo na kuharibu neva, na mama aliyejipaka humgusa mtoto wake mchanga kwa mikono hiyohiyo. Haidrokwinoni hung'arisha kwa muda, kisha huacha madoa meusi ya bluu yasiyofutika. Steroidi huichubua ngozi hadi ikawa nyembamba, yenye michirizi, isiyopona vidonda. Mkorogo huvichanganya vyote hivi katika kopo moja lisilo na jina, na anayeukoroga hana mizani.

Tangu Julai 2019 kazi ya kusajili na kukagua vipodozi imehamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Wengi hapa bado wanaitafuta TFDA. Nchi yetu pia imeridhia Mkataba wa Minamata, na nchi wanachama wake zimekubaliana kuondoa zebaki katika vipodozi, pasi na kiwango cha kuruhusiwa.

Hivyo sheria si haba. Zinapokatika ni katika umbali kati ya ofisi na gulio. Krimu inapochotwa kutoka ndoo kubwa na kuuzwa kwa kupimwa kwenye vikopo, lebo, tarehe na namba ya toleo vyote vimebaki kwenye ndoo. Aliyeungua hana ushahidi.

5. Vitu vyetu vya asili

Sasa tuje kwenye vilivyo vyetu, kwa furaha, maana ni utajiri.

Mnyonyo unaota pembezoni mwa mashamba yetu. Mafuta ya nyonyo ni mazito, hushika unyevu vizuri kwenye nywele kavu, na bibi zetu waliyapata kwa kukaanga mbegu, kutwanga na kuchemsha. Kuchemsha huko kulikuwa na maana kuliko tulivyodhani. Mbegu ya nyonyo ina sumu kali iitwayo raisini, ambayo haiyeyuki katika mafuta na huharibika kwa moto. Yanayobaki baada ya kukamua, yaani mashudu, ndiyo ya kuogopwa. Yasiwekwe karibu na watoto wala mifugo.

Mibuyu iko tambarare. Mafuta ya mbegu za ubuyu ni mepesi na yanafaa kwa ngozi na nywele. Ni ya kupaka. Yakiwa mabichi yana asidi za mafuta za aina ya siklopropeni, ambazo hazifai kunywewa kama wengine walivyoambiwa kwamba ni dawa ya kila maradhi.

Nazi inatujia kutoka Tanga na Pangani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, ukaona ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya unywele, kwa kuwa yanaweza kupenya ndani yake. Ujuzi wa mwambao umethibitishwa na maabara.

Lakini kuna vya asili vinavyotaka hadhari. Tangawizi ya Mamba na Myamba ni fahari ya wilaya yetu, ila ikisagwa mbichi na kusuguliwa kichwani inaweza kuwasha na kuacha vidonda. Ute wa mshubiri uliochanganywa na maji na kuwekwa kwenye chupa bila kihifadhi huota vijidudu katika siku chache, tena katika joto la Hedaru. Na hina halisi hutoa rangi nyekundu au kahawia. Ile nyeusi inayokolea mara moja, piko, mara nyingi imetiwa kemikali ya rangi za nywele iitwayo parafenilinidayamini. Imewachoma mabibi harusi mikono siku ya furaha yao, na mwili ukishaikataa mara moja huikataa maisha yote.

Kuna hadhari ya namna nyingine pia. Msandali wa vilima vikavu vya Afrika Mashariki unang'olewa na mizizi yake kwa ajili ya mafuta ya manukato ya ng'ambo. Uvunaji ulifika mahali ambapo mwaka 2013 mti huo uliingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES. Kipodozi kinachomaliza mlima wetu hakiwezi kuitwa salama kwetu.

6. Kutengeneza wenyewe

Je, tunaweza kutengeneza vyetu, vikapimwa, vikaaminika? Mfano uko mkoani kwetu. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna chuo cha kikanda cha magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992. Ndani yake, katika miaka ya 2010, kilianzishwa kiwanda kidogo cha krimu ya kukinga jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, krimu iitwayo Kilisun. Mwanzilishi wake alikuwa mfamasia Mafalda Soto kutoka Hispania, na krimu hiyo inatengenezwa palepale Moshi. Imebuniwa kwa ngozi na hali ya hewa ya hapa, inapimwa, na inaambatana na elimu kwa mtumiaji. Kwenda Moshi ni safari ya basi tu.

Mfano wa pili uko Zanzibar. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na kwa miaka mingi kina mama waliuza mwani mkavu kwa bei ya chini uende ng'ambo. Sasa pale Paje kuna kituo kinachosaga mwani na kutengeneza sabuni. Thamani imebaki kijijini.

Vikundi vyetu vya Hedaru tayari vinapika sabuni. Hatua inayofuata ina njia yake. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, hutoa mafunzo na barua ya utambulisho, na barua hiyo humfungulia mjasiriamali mdogo mlango wa TBS ambako hupewa nafuu ya gharama mwanzoni. Itatakiwa chumba cha kazi kilicho safi, vipimo vilivyoandikwa, namba ya toleo kwenye kila chupa, na sampuli ya maabara. Wapo watakaoliona hilo ni usumbufu. Ninawaomba waone kwamba hicho ndicho tunachomdai mwenye kiwanda cha ng'ambo. Hatuwezi kumdai yeye na sisi tujisamehe.

7. Tufanye nini

Mwaka 1945 Wapare walikusanyika Same kupinga kodi ya mbiru waliyowekewa bila kuelezwa msingi wake, na wanawake nao wakaingia katika mapambano yale. Mwanahistoria wetu Isaria Kimambo aliandika kitabu juu yao. Walichokidai kilikuwa maelezo: mnatupima kwa kipimo gani? Swali hilo ni letu pia.

Kwanza, kila saluni iwe na daftari. Siku, jina la bidhaa, namba ya toleo, na lolote lililompata mteja. Mtu akiungua, kopo lisitupwe. Hilo ndilo la kumpelekea mkaguzi.

Pili, tusinunue kilichochotwa kwenye ndoo. Kisicho na jina la mtengenezaji, anwani, orodha ya viambato na tarehe, kibaki kwa muuzaji. Katika orodha, viambato huanza na kilichozidi kwa wingi, kwa hiyo chupa ya mafuta ya ubuyu ambayo ubuyu umeandikwa mwisho si ya ubuyu.

Tatu, dawa ya kulainisha isiwekwe kwa mtoto, wala kwa mama mjamzito, wala kwenye kichwa chenye kidonda. Kwa mtu mzima anayeitaka akiwa anajua, kuwe na glavu, dirisha wazi, na maji yawekwe tayari kabla kopo halijafunguliwa. Hatumhukumu. Tunamtaka aamue akiwa na taarifa mkononi.

Nne, walimu wenzangu, tujadiliane juu ya nywele shuleni. Kama hatuwezi leo kuondoa kunyoa, basi tuwafundishe wasichana wa kidato cha nne namna ya kuzitunza zitakapoota, na tuwaite kina mama wanaojua kusuka kwa uzi waje darasani. Somo la pH limo katika kemia yetu, na sijaona mahali pazuri zaidi pa kulifundishia kuliko kichwani mwa mwanafunzi.

Tano, viongozi wetu wa kata na wilaya wawaombe TBS waje gulioni, wakague bidhaa zilizomwagwa pale, na waeleze matokeo kwa Kiswahili mbele ya wanunuzi. Wasije kumkamata machinga wa chini na kumwacha aliyemjazia mzigo.

Ngozi nyeusi na nywele za kipilipili zimewatajirisha watu wengi waliotuambia kwamba zina kasoro. Ninaamini kwa dhati kwamba mwanamke wa Hedaru anaweza kupendeza kwa namna yoyote aipendayo, ilimradi hakuna anayemficha kinachoingia mwilini mwake. Daftari la kwanza liko mezani hapa, na wasusi wa mji huu wanaombwa waandike saluni zao kabla hatujatawanyika.  Ninakaribisha maswali, nikianza na ya wasusi.